Gunia la unga kabla ya mitihani

Ndugu wahitimu, wengi wetu wa Kolwezi tulisomeshwa na gunia la unga. Enzi ya Union Minière, kisha Gécamines, mfanyakazi alipata mshahara pamoja na posho, na fungu moja lilisafiri mpaka Lubumbashi kwa mtoto aliye univasite. Mwaka 1986 shaba ilipita tani 400,000. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Mwaka 1994 hata tani 50,000 hazikufika. Mishahara ikakwama, posho ikakatika. Ndipo bamama wakaingia shambani na sokoni, bukari ya mwanafunzi ikatoka mikononi mwao. Mimi ni tunda la mikono hiyo. Sasa mitihani ya semesta inakaribia: tuma unga leo, matokeo utayauliza nyuma.