Kijana, Diski na Kufuli

Januari 2000 ilimletea Jon Lech Johansen mambo mawili yasiyokaa chungu kimoja. La kwanza lilikuwa tuzo ya Karoline, ambayo nchini Norway hupewa wanafunzi wa sekondari wenye alama nzuri darasani na mafanikio mengine nje ya darasa. La pili lilikuwa polisi. Tarehe 24 ya mwezi huo maofisa wa Økokrim, kitengo cha makosa ya kiuchumi, walifika nyumbani kwao kusini mwa nchi hiyo, wakachukua kompyuta na simu ya mkononi, wakamhoji kwa saa kadhaa. Alikuwa na umri wa miaka 16. Baba yake naye alitajwa katika tuhuma, ingawa baadaye aliachwa.

Kilichowaleta polisi ni programu ndogo iitwayo DeCSS. Ili kuelewa kwa nini programu ndogo iliwatia watu wazima hofu kubwa, ni lazima kwanza tulitazame kufuli ambalo programu hiyo ililifungua.

Diski za DVD zilipoingia sokoni katika miaka ya mwisho ya 1990, studio za filamu zilizifunga kwa mfumo wa kusimba data unaoitwa CSS. Picha na sauti zilizomo kwenye diski huchanganywa, na chombo cha kuzichezesha lazima kiwe na ufunguo wa kuzirudisha katika hali yake. Kampuni iliyotaka kutengeneza deki, au programu ya kuchezesha DVD kwenye kompyuta, ilipaswa kupata leseni, kulipa ada, kupewa ufunguo wake na kuahidi kuutunza kwa siri. Ufunguo wenyewe ulikuwa na urefu wa biti 40 tu, na hata kwa wakati ule wataalamu waliuona kuwa dhaifu.

Watetezi wa mfumo huu walisema unazuia wizi wa filamu. Lakini mwenye kiwanda cha kunakili diski hakuhitaji kulifungua kufuli hilo. Angeweza kuhamisha kila kitu kilivyo, kufuli likiwamo, na diski yake ya magendo ingecheza kwenye deki yoyote halali. Kilichodhibitiwa hasa na CSS ni vyombo: nani aruhusiwe kuviunda na kwa masharti gani.

Hapo ndipo watumiaji wa Linux walipokwama. Linux ni mfumo endeshi huria. Msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa na waundaji wake, uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Siri ya ufunguo na msimbo ulio wazi haviwezi kuishi nyumba moja, na wakati ule hapakuwa na programu yenye leseni ya kuchezesha DVD kwenye Linux. Mtu angeweza kununua kompyuta kwa fedha zake na filamu kwa fedha zake, akaviweka pamoja, asione kitu.

Mnamo Oktoba 1999 Johansen, aliyekuwa bado na miaka 15, alitangaza DeCSS kwa watu waliokuwa wakijaribu kuiwezesha Linux kucheza video. Hakuifanya peke yake. Alikuwa mmoja wa watu watatu waliojiita MoRE, na wenzake wawili hawakujulikana kwa majina. Mmoja wao alichambua programu moja yenye leseni, ambayo waundaji wake hawakuuficha ufunguo ipasavyo, akaona namna CSS inavyofanya kazi. Johansen aliandika sehemu ambayo mtumiaji huiona na kuibonyeza. Toleo hilo la kwanza lilikuwa la Windows, jambo ambalo waendesha mashtaka walilishikilia baadaye. Jibu lake lilikuwa kwamba Linux ya wakati ule ilikuwa bado haijaweza kusoma vizuri mpangilio wa mafaili ya DVD, kwa hiyo ilibidi kuanzia mahali ambapo kazi iliwezekana.

Yaliyofuata ni sehemu ya kisa hiki isiyosimuliwa mara nyingi. DeCSS ilitolewa kwanza bila msimbo wake. Muda si mrefu msimbo ukavuja, na Derek Fawcus, mmoja wa waandishi wa programu za Linux, alipousoma akakuta humo kazi yake mwenyewe. Alikuwa ameitoa chini ya leseni huria ya GPL, inayomruhusu kila mtu kuitumia kwa sharti kwamba atakayeigawa ndani ya programu yake aiache programu hiyo nayo iwe wazi. DeCSS haikuwa imetimiza sharti hilo. Kwa maneno mengine, kijana huyu alikuwa ameingia katika kosa la kweli la hakimiliki, na aliyekosewa hakuwa studio ya Hollywood bali mwandishi mwenzake.

Johansen alipoelezwa, aliwasiliana na Fawcus, na Fawcus akampa ruhusa ya kuitumia kazi ile. Shauri likaishia hapo. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na huku ndiko kukunja: kosa lilitajwa kwa jina lake, aliyekosa akaenda kwa aliyekosewa, wakamaliza, na kazi ikaendelea.

Upande wa pili mambo yalikwenda kwa mwendo mwingine. Desemba 1999 chama kinachosimamia leseni za CSS kilifungua kesi California dhidi ya watu wengi waliokuwa wameisambaza DeCSS. Januari 2000 studio za filamu nazo zikafungua kesi New York, wakitumia sheria ya Marekani ya mwaka 1998 iitwayo DMCA, inayokataza kusambaza vifaa vya kukwepa kufuli za kidijitali. Julai 2000 Johansen alisimama mbele ya mahakama hiyo kama shahidi. Agosti 17 Jaji Lewis Kaplan alizipa studio ushindi, akalizuia jarida la 2600 lisiichapishe programu hiyo wala kuwaelekeza wasomaji mahali inapopatikana. Mahakama ya rufaa ilikubaliana naye Novemba 2001.

Lakini msimbo ni maandishi, na maandishi yakishasomwa hayarudi. Watu waliuchapisha kwenye fulana. Profesa David Touretzky wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon alikusanya namna mbalimbali za kuyaeleza maagizo yale yale, kuanzia msimbo wenyewe hadi maelezo kwa lugha ya kawaida, akiuliza ni wapi hasa maneno yanapogeuka kuwa kifaa kilichopigwa marufuku.

Huko Norway, Johansen alishtakiwa rasmi Januari 2002, akiwa ameshatimiza miaka 18. Kifungu kilichotumiwa kilikuwa cha sheria ya jinai, kile kinachomwadhibu mtu anayevunja ulinzi ili aipate data asiyo na haki nayo. Waendesha mashtaka waliomba kifungo cha siku 90 chenye masharti, yaani asiende jela iwapo hatakosa tena. Mahakama ya Oslo iliuliza swali moja jepesi: data hiyo ni ya nani? Kijana alikuwa amezinunua diski zake kihalali. Mtu hawezi kuvunja na kuingia kwenye mali yake mwenyewe. Tarehe 7 Januari 2003 aliachiwa huru. Serikali ilikata rufaa, na tarehe 22 Desemba mwaka huo mahakama ya rufaa ikamwachia tena. Mwanzoni mwa 2004 Økokrim ilitangaza kwamba haitaendelea. Aliyeanza akiwa na miaka 15 alimaliza akiwa na miaka 20.

Umri si jambo la pembeni katika kisa hiki. Nchini Norway mtu anaweza kuwajibishwa kwa jinai kuanzia miaka 15, lakini hapigi kura ya bunge hadi mwaka anaofikisha 18. Sheria ilimwona Johansen kuwa mkubwa wa kutosha kushtakiwa na mdogo mno kuwachagua wanaoitunga. Watu waliokuwa wakiunda programu huria hawakuwa na kipimo hicho. Walimpima kwa msimbo wake. Hakuwa kijana pekee wa namna hiyo. Linus Torvalds alikuwa na miaka 21 alipoitangaza Linux mwaka 1991. Blake Ross wa Marekani alikuwa na miaka 17 mwaka 2002, wakati yeye na Dave Hyatt walipoanzisha mradi uliokuja kuwa Firefox.

Sisemi kwamba vizuizi vyote kwa vijana ni vibaya. Aprili 2000, miezi mitatu baada ya polisi kwenda kwa akina Johansen, sheria ya COPPA ilianza kutumika Marekani. Inazitaka tovuti za kibiashara zipate idhini ya mzazi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya miaka 13. Mtu anaweza kuilalamikia, maana huduma nyingi ziliona ni rahisi zaidi kuwafungia watoto mlango kuliko kuwatafuta wazazi, lakini nia yake inaeleweka: kumlinda mtoto asichukuliwe kilicho chake. CSS ilifanya kinyume. Ililinda mali iliyokwisha kuuzwa dhidi ya yule aliyeinunua. Vizuizi vya aina hizi mbili huvaa kanzu moja na kuzungumza lugha moja ya usalama, na kazi ya mtu mzima ni kuvitofautisha kabla ya kumwita polisi.

Kufuli hilo liliwafikia hata watu waliokuwa hawajasikia habari za Larvik wala Oslo. Wenye leseni ya CSS walitakiwa pia kuheshimu mgawanyo wa dunia katika kanda. Marekani ilikuwa ukanda wa 1, Uingereza na nchi za Ghuba ukanda wa 2, na Kenya na Tanzania zikawekwa ukanda wa 5. Filamu halali iliyonunuliwa Muscat au London ingeweza kukataliwa na deki halali ya Unguja au Mombasa. Hapakuwa na mwizi katika safari hiyo, ila kulikuwa na ramani iliyochorwa na wauzaji.

Upo mfano wa upande wa pili pia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi wa Kilinux, na mwaka 2004 ikatolewa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Haikuhitajika kumwomba mwenye programu atuonee huruma kwa kuwa soko letu ni dogo. Msimbo wake ulikuwa wazi, na leseni ilishatoa ruhusa.

Mwaka 2005 Norway ilibadilisha sheria yake ya hakimiliki na kukataza kukwepa kufuli za namna hii, ingawa iliacha nafasi kwa mtu kukiona alichokinunua kihalali kwenye chombo cha kawaida. Wakati huo programu huria ya VLC, iliyoanzia kwa wanafunzi wa chuo karibu na Paris, ilikuwa tayari ikichezesha DVD kwenye Linux kwa kutumia maktaba ya msimbo iitwayo libdvdcss. Kile ambacho Økokrim ilikifuata nyumbani kwa akina Johansen sasa hufanywa na mtu yeyote anayebonyeza ile alama ya koni ya rangi ya machungwa, wala hajui kwamba kijana mmoja alikaa karibu miaka minne akisubiri mahakama iseme kwamba diski aliyoinunua ilikuwa yake.