Dhahabu ya Sekenke na Debe la Mafuta

Mwaka 1916 dhahabu ya mgodi wa Sekenke, katika nchi ya Iramba, ilipigwa sarafu za rupia 15 huko Tabora, zenye sura ya tembo. Meli za Waingereza zilikuwa zimeifunga pwani, na Serikali ya Wadachi ilikuwa imeishiwa fedha. Sarafu hizo, yapata 16,000, zimeandikwa habari zake mara nyingi. Lakini pamoja nazo zilipigwa hela 20 za shaba, na shaba hiyo ilikuwa ya masalio, yakiwamo maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa. Basi dola iliyobanwa ilifanya jambo ambalo mafundi bati wa Singida walilifanya miaka mingi bila ya kufungiwa bahari, na wala hawakuandikwa.

Mali ya fundi bati ilikuwa debe. Mafuta ya taa yalikuja Afrika Mashariki kwa meli, madebe mawili katika sanduku moja la mbao, kila debe likichukua galani nne za Kiingereza na ziada kidogo. Reli ya Kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, ilipita Manyoni na Itigi, na bidhaa za pwani zikaacha mabega ya wapagazi. Mafuta yalikwisha, debe likabaki. Lilichota maji, likabeba asali, likawa kipimo cha nafaka. Hata leo mkulima husema amevuna madebe kadhaa ya mtama au uwele, na mnunuzi humwelewa, ijapokuwa mafuta yaliyolipa debe kimo chake hayamo tena katika mawazo ya yeyote kati yao.

Lilipotoboka halikutupwa. Fundi alilikata kwa mkasi wa bati, akalinyosha kwa nyundo, akatoa ndoo, faneli, jiko, au kipande cha mlango. Kazi iliyompima zaidi ilikuwa koroboi. Kopo dogo lilifanywa tumbo la taa. Ukanda wa bati uliviringwa ukawa mrija mwembamba, ukapitishwa katika kifuniko, na utambi wa kitambaa kikuukuu ukaingizwa ndani yake. Mishono ilizibwa kwa risasi iliyoyeyushwa, na hapo ndipo ustadi ulipokuwa. Mshono ukivuja, mafuta hushika moto mbele ya mtoto asomaye. Si haki kuisifu mno taa hii: moshi wake uliziba pua za waliolala ndani ya tembe, na kuusifu ni rahisi kwa asiyeuvuta.

Wako wasemao kwamba kazi hii ni alama ya umaskini tu. Neno hilo lina kweli, lakini halitoshi. Iramba ilikuwa na wahunzi kabla ya reli, waliofua chuma kwa fuawe, koleo na mivukuto. Chuma cha kigeni kilipokuja kwa wingi kilizima matanuri ya kuyeyushia mawe; nyundo haikuzimika. Umaskini huweza kumpa mtu haja ya chombo, lakini haumfundishi kuziba mshono.

Haja hiyo ilizidi baada ya Vita ya Kagera ya 1978 na 1979, bidhaa za dukani zilipoadimika nchini kote, na matairi makuukuu yakakatwa kuwa katambuga za kuvaa miguuni. Kabla ya hapo, mwaka 1973, Serikali ilikuwa imeunda Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, kuwasaidia mafundi wa namna hii.

Kilichomshinda fundi bati hakikuwa uhaba. Umeme na taa za jua vinaiondoa koroboi, na hakuna wa kuilaumu hali hiyo. Mahali pa debe pameshikwa na dumu la plastiki. Dumu ni jepesi, halipati kutu, bei yake ni ndogo. Lakini likipasuka halikubali risasi ya kulehemu. Hukatwa ubavuni, likawa chombo cha kunyweshea kuku, ambao Singida inasifika kwao. Kisha jua hulikausha, likavunjika vipande, vikatupwa.