Historia Fupi ya Mlango wa Mwanga

Tukisimulia historia ya sayansi, huwa tunaisifu nyumba na kumsahau fundi aliyetengeneza mlango. Mimi mwenyewe nimeshaandika habari za kompyuta za kwanta bila kuuliza swali la kitoto: hivi, mwanga unaingiaje ndani ya chipu?

Swali hilo ni la zamani kidogo. Mwaka 1969 Stewart Miller wa Bell Labs, Marekani, alipendekeza mwanga upitishwe kwenye vijia vidogo juu ya kibao kimoja, kama umeme. Wazo tamu, lakini mlango je? Mwaka huohuo P. K. Tien na wenzake hapohapo Bell Labs waliingiza mwanga kwa kutumia prizimu. Mwaka 1970 watafiti wa IBM wakatumia mistari midogo sana, iliyopangwa kwa usawa, inayoupinda mwanga uingie.

Ilipofika zamu ya silikoni, mambo yakawa magumu zaidi. Mwanga unaotoka kwenye faiba ya kawaida una upana wa takriban mikromita 10; kijia cha silikoni hakifiki hata mikromita moja. Ni kama kumimina ndoo nzima kwenye shingo ya chupa. Mwaka 2003 Almeida, Panepucci na Lipson wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha jibu la kushangaza: badala ya kupanua mdomo wa kijia, waliuchonga ukawa mwembamba zaidi, kama mikromita 0.1. Kijia kikishindwa kuubana mwanga, unafura kwa nje, na hapo ndipo unapolingana vizuri zaidi na ule wa faiba.

Kwa simu na intaneti, mwanga ukipungua unaongezwa nguvu njiani, basi. Fotoni moja moja ni habari nyingine. Mwaka 1982 Wootters na Zurek, na Dieks kivyake, walithibitisha kwamba hali ya kwanta isiyojulikana hainakiliki. Ikipotea mlangoni, imepotea. Mlango ukipitisha nusu tu, fotoni 10 zitaingia zote kwa wastani mara moja katika majaribio 1,024!

Watafiti wa Bristol, Uingereza, walipoonyesha mwaka 2008 fotoni zikifanya hesabu za kwanta ndani ya chipu, vyanzo vyake bado vilikuwa nje. Kila fotoni ilipaswa kuvuka kizingiti.

Kwa hiyo nikiletewa tena habari ya chipu mpya ya kwanta, swali langu la kwanza ni hili: kati ya fotoni 100 zilizobisha hodi, ngapi ziliingia?