Nyumba za Mawe za Songo Mnara na Mipaka ya Bima ya Nyumba

Mji wa Songo Mnara, uliostawi katika kisiwa kilicho kusini mwa Kilwa Kisiwani kuanzia mwishoni mwa karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 16, ulikuwa na nyumba za mawe zaidi ya 40, misikiti, makaburi na ukuta wa mji, na kando ya hayo zilikuwako nyumba za miti na udongo. Kuta za nyumba za mawe zilijengwa kwa matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, nayo chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe yaleyale, ilhali dari zilibebwa na boriti za mikoko, ambazo ufupi wake ndio uliofanya vyumba viwe vyembamba.

Mwenye nyumba wa zama hizo alibeba hasara yake mwenyewe, akisaidiwa na jamaa na majirani. Wanaakiolojia walioanza kuchimba hapo mwaka 2009, wakiongozwa na Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher, walikuta katika nyumba moja mamia ya sarafu za shaba za Kilwa zilizofukiwa pamoja. Iwe zilikuwa akiba au zilizikwa kwa ajili ya heri ya nyumba, mali hiyo ilikabidhiwa kwa jengo lenyewe, hivyo lililolipata jengo liliipata na mali.

Bima iligeuza utaratibu huo kwa kugawa hasara ya mmoja kwa wengi wanaochangia mfuko mmoja. Bima ya moto kwa nyumba ilianza kuuzwa London mwanzoni mwa miaka ya 1680 na Nicholas Barbon, baada ya moto mkubwa wa mwaka 1666. Tanzania Bara, Shirika la Bima la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, lilihodhi biashara hiyo kuanzia mwaka 1967 hadi sheria ya mwaka 1996 ilipoyaruhusu makampuni binafsi, kisha sheria ya mwaka 2009 ikaunda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima.

Mkataba wa kawaida wa bima ya nyumba hutenganisha jengo, yaani kuta, paa na vilivyofungwa humo, na vyombo vya ndani, na mara nyingi huongeza dhima, yaani wajibu wa kumlipa mtu mwingine aliyedhurika. Moto na radi ndiyo misingi yake. Mafuriko, dhoruba na tetemeko hulipiwa pale tu yalipotajwa katika hati, jambo lenye uzito katika pwani iliyopigwa na kimbunga mjini Lindi mwaka 1952, na ambako mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara wilayani Kilwa mwaka 2024. Kiasi cha bima hupimwa kwa gharama ya kujenga upya, wala si kwa bei ya kiwanja, na aliyekata bima ya nusu ya gharama hiyo anaweza kulipwa nusu tu ya hasara.

Hata hivyo, bima hulipa ajali ya ghafla, haimlipi mwenye nyumba kwa uchakavu. Boriti iliyooza, chokaa iliyolika kwa chumvi, mizizi iliyopasua ukuta na bahari inayokula ufuko kidogo kidogo, ambavyo ndivyo vilivyoyabomoa majengo ya Songo Mnara baada ya wakazi kuondoka, vyote kwa kawaida huachwa nje ya mkataba. Magofu hayo, yaliyoingizwa pamoja na Kilwa Kisiwani katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 kwa sababu za namna hiyo, yakaondolewa mwaka 2014 baada ya kazi ya kuimarisha kuta na kulinda ufuko. Kwa hiyo mwenye nyumba ya pwani anayesoma hati yake ya bima anapaswa kuhesabu gharama mbili, ada ya bima kwa yale yasiyotazamiwa na fedha za matengenezo kwa yale yatakayofika bila shaka, kwa kuwa akiiacha ya pili, hata dai la dhoruba linaweza kukataliwa kwa hoja kwamba paa lilikuwa limekwisha kuoza.