Bunge, Tozo na Malango ya Barabara: Somo kutoka Wales

Kila unapozuka mjadala wa barabara za kulipia, swali la kwanza huwa ni kiasi: mwenye gari atatozwa shilingi ngapi? Swali hilo lina haki yake, kwani dereva wa bajaji na mchuuzi wa mboga hulipa kutoka mfukoni, siku kwa siku. Hata hivyo, naamini lipo swali linalolitangulia. Ni nani mwenye mamlaka ya kupanga kiwango hicho, na akishakipanga, anabakiwa na nguvu gani ya kukisimamia? Uingereza ilianza kulijibu swali hili kupitia Bunge lake zaidi ya miaka 350 iliyopita, na namna jibu lake lilivyoshindwa ndiyo inayotuhusu leo.

Kwa sheria ya mwaka 1555, barabara za Uingereza zilitunzwa na parokia. Wakazi walitakiwa kutoa siku nne za kazi bila malipo kila mwaka, zikaongezwa baadaye kuwa sita. Utaratibu huo ulizitosha njia za kijiji, lakini ulizidiwa pale magari mazito ya kukokotwa na farasi yalipoanza kuichimba barabara kuu iendayo kaskazini kutoka London. Wakulima wa Hertfordshire walijikuta wakizibia mashimo yaliyochimbwa na wapita njia wasiowajua. Mwaka 1663 Bunge likatunga sheria iliyoruhusu lango la tozo kusimamishwa Wadesmill. Viwango viliandikwa ndani ya sheria yenyewe: peni 1 kwa farasi, peni 6 kwa gari la abiria, shilingi 1 kwa gari kubwa la mizigo. Mahakimu wa wilaya hawakuwa na ruhusa ya kuvipandisha.

Hapo ndipo msingi ulipowekwa. Tozo ya barabara inagusa mali ya raia, kwa hiyo ni wawakilishi wake wanaopaswa kuiidhinisha. Kuanzia mwaka 1706, kazi ya kuendesha barabara hizo ilihamia kwa bodi za wadhamini, na kila bodi ilitungiwa sheria yake. Sheria hiyo ilitaja barabara inayohusika, ikaorodhesha viwango vya juu vya tozo, na kwa kawaida ikaweka ukomo wa miaka 21, ambao baada yake barabara ingerudi kuwa huru. Kufikia miaka ya 1830, bodi hizo zilikuwa zaidi ya 1,000, nazo zilisimamia zaidi ya maili 20,000 za barabara. Kwenye karatasi, kila peni iliyotozwa ilikuwa na kibali cha Bunge.

Karatasi, hata hivyo, ilikuwa na matundu, na mimi nayahesabu matatu. La kwanza lilikuwa idadi ya malango. Bunge lilipanga kiwango cha lango moja, lakini wadhamini waliachiwa nafasi kubwa ya kuamua malango mangapi yasimame na wapi. La pili lilikuwa deni. Bodi zilikopa kwa dhamana ya tozo za baadaye. Miaka 21 ilipotimia, deni lilikuwa bado halijalipwa, na Bunge likaongeza muda. Kilichoahidiwa kuwa cha mpito kikawa cha kudumu. La tatu lilikuwa ukusanyaji. Wadhamini walikodisha malango kwa mnada kwa watu binafsi, na aliyeshinda mnada alikuwa na kila sababu ya kumkamua mpita njia ili arejeshe fedha yake na kubaki na faida.

Matundu haya yalionekana wazi kuliko kwingine kote huko Wales ya kusini-magharibi. Udongo wa eneo hilo ni wa tindikali, na mkulima aliyetaka mavuno alilazimika kuufuata mzigo wa chokaa mbali na shamba lake. Barabara zilikuwa mikononi mwa bodi nyingi ndogo, na kila bodi ilikuwa na malango yake. Safari moja ya chokaa ilipita katika malango kadhaa, na jumla ya tozo iliweza kuizidi bei ya chokaa yenyewe. Mwaka 1839, mkodishaji mmoja wa tozo, Thomas Bullin, alisimamisha malango mapya ili kuwanasa wasafirisha chokaa waliokuwa wakipita njia za pembeni. Usiku wa tarehe 13 Mei, lango la Efailwen lilivunjwa na wanaume waliovaa nguo za kike na kupaka nyuso zao masizi, wakiongozwa na mtu waliyemwita Rebecca, jina walilolitoa katika Biblia.

Harakati hizo zilirejea kwa nguvu kubwa mwaka 1842 na 1843. Malango mengi yalibomolewa, askari wakaletwa, na mnamo Septemba 1843 ajuza aliyelinda lango la Hendy, Sarah Williams, akauawa. Sina hamu ya kuyapamba machafuko hayo. Bibi huyo hakupanga kiwango chochote, hakukopa wala hakukopesha. Alikuwa tu mtu aliyekaa mahali ambapo hasira ya wananchi ilikutana na sheria. Ndivyo inavyokuwa pale raia anapokosa pa kupeleka malalamiko: humwadhibu aliye karibu.

Serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Thomas Frankland Lewis, na mwaka 1844 Bunge likatunga sheria mpya kwa ajili ya Wales ya kusini. Bodi ndogo ziliunganishwa chini ya bodi za kaunti, viwango vikafanywa sawa, tozo ya chokaa ikapunguzwa kwa nusu, na umbali kati ya malipo ukawekwa kuwa maili 7. Madeni ya zamani nayo yalikaguliwa na kulipwa. Kwa maneno mengine, Bunge lilitambua kuwa kushika kiwango peke yake ni kushika mkia wa ng'ombe aliyekwisha kuondoka. Bodi ya mwisho ya barabara za tozo nchini humo ilifungwa mwaka 1895.

Sasa tujitazame. Jirani zetu wa Kenya walifungua barabara ya juu ya Nairobi mwaka 2022, yenye urefu wa kilomita 27, na viwango vyake hutangazwa na waziri katika gazeti la serikali. Mwanzoni mwa mwaka 2024, tozo ya gari dogo kutoka Mlolongo hadi Westlands ilipanda kutoka shilingi 360 hadi 500, kwa sababu mradi ulifadhiliwa kwa dola ilhali shilingi ilikuwa imeshuka. Ni tundu lile lile la pili: deni ndilo lililopanga tozo. Hapa kwetu, tozo za Daraja la Nyerere huko Kigamboni, lililofunguliwa mwaka 2016, zililalamikiwa bungeni mara kwa mara hadi Serikali ilipozipunguza mwaka 2022. Wabunge walisema, Serikali ikaamua.

Ibara ya 138 ya Katiba yetu inakataza kodi yoyote kutozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu ambao sheria hiyo imeutia nguvu. Wapo watakaosema kuwa tozo ya barabara ni malipo ya huduma wala si kodi. Nitawakubalia pale tu ambapo msafiri ana njia nyingine ya kweli.

Wakati barabara ya haraka ya Kibaha–Chalinze–Morogoro ikiandaliwa kwa ubia na sekta binafsi, naomba wabunge wetu wasiridhike na kupewa kiwango. Waulize mkopo ni wa sarafu gani, mkataba unakoma lini, malipo ni kila baada ya kilomita ngapi, na nani atakayekagua hesabu. Maswali haya yaulizwe kabla ya saini. Bunge la Uingereza liliyauliza baada ya Hendy.