Mabomba Yaliyopotea Kwenye Kioo

Mwalimu mmoja mstaafu wa Nyamira alimpigia simu fundi wa Kisii mjini aje kuiangalia kompyuta mpya. Fundi akapanda matatu akaja.

"Kijana, mashine hii nadhani nimeuziwa nusu," mzee alimpokea. "Ile ya zamani nikiiacha kidogo, mabomba ya rangi yalikuwa yanajichora mpaka yanajaza kioo. Sasa yako wapi?"

"Mwalimu, yale yalistaafu kabla yako."

Kweli yalistaafu. Yalikuwa skriniseva, yaani programu ya kulinda kioo, na programu hizo zilianza bila urembo wowote. Desemba 1983 John Socha alichapisha katika jarida la Softalk, Marekani, programu fupi aliyoiita SCRNSAVE. Kompyuta ikikaa dakika 3 bila kuguswa, kioo kinakuwa cheusi. Basi. Skrini za siku hizo zilikuwa na mgongo mkubwa kama televisheni za zamani, na ndani ya kioo kulipakwa fosfori iliyowaka ikipigwa na elektroni. Picha moja ikiganda mahali pamoja kwa muda mrefu, fosfori ya hapo inachakaa, na kovu lake halifutiki tena. Urembo ulikuja baadaye: mwaka 1989 kampuni ya Berkeley Systems ilitoa After Dark, na tosta za mkate zenye mabawa zikaruka kwenye vioo vya Wamarekani. Mabomba ya mwalimu ni ya Microsoft, nayo yalidumu hadi Windows XP. (Yalimwagika kiooni katika nyumba ambazo maji yake bado yalichotwa chemchemini, lakini hilo halikumkera mtu.)

Sidhani kama skriniseva iliwahi kuokoa vioo vingi huku Gusii, yaani Kisii na Nyamira. Milima hii ina radi nyingi mno, na mwenye kompyuta alijua kazi yake mawingu ya alasiri yakianza kukusanyika: kuchomoa plagi. Mabomba yalikuwa ya kuwatuliza wanaosubiri zamu yao kwenye saiba.

Kisha zikaja skrini bapa, ambazo hazina fosfori ya kupigwa na elektroni hivyo. Windows Vista ilipotoka mwaka 2007 mabomba hayakuwemo, na matoleo ya leo huja skriniseva ikiwa imezimwa. Haijapotea, haijachaguliwa tu.

Fundi aliitafuta kwenye mipangilio, akachagua Mystify, ile ya mistari ya rangi, akaweka dakika 5. Wakangoja. Kioo kikazima kabla ya mstari wowote kutokea. Kumbe mpangilio wa umeme ulikuwa unazima skrini baada ya dakika 3, basi zamu ya skriniseva haikufika kamwe. Akausogeza hadi 15.

Safari hii mistari ya rangi ikaanza kujinyoosha. Mwalimu akaitazama kimya, si mabomba lakini si haba. Ngurumo ikasikika upande wa Manga. Akainama, akachomoa plagi.