Vijana si wa kupanga viti tu



Kila mkutano wetu, vijana ndio wanapanga viti na kuchota maji. Mkutano ukianza, wanabaki inje. Kisha sisi wazee tunaulizana: mbona vijana hawaji tena? Jibu tunalo katika historia yetu wenyewe.

Katika miaka ya 1950, padri Georges Defour alianzisha kule Bukavu chama cha vijana, Xaveri. Vijana walikutana kwa vikundi vidogo, wakafanya kazi, wakajifunza kuongoza. Mwaka 1972 utawala wa Mobutu ulipiga marufuku vyama vya vijana vya makanisa. Kijana alipaswa kuwa wa JMPR tu, tawi la vijana la MPR. Wenye umri wanakumbuka: kuimba kwa amri, kucheza kwa amri, na salongo pia kwa amri. Barabara zilifyekwa, ndiyo, lakini hakuna kijana aliyeulizwa ni barabara gani. Mwaka 1990 chama kimoja kilipokwisha, ile JMPR haikupata wa kuililia. Xaveri yenyewe ingali hai katika maparokia ya Kivu mpaka leo.

Hata ngambo ni vile. Mwaka 1962, klabu ya Rotary ya mji mmoja wa Florida, Marekani, ilianzisha Interact kwa wanafunzi. Watu wazima wanashauri, lakini vijana wenyewe wanachagua viongozi wao, na kila mwaka wanafanya angalau kazi mbili za kusaidia watu. Ile mbegu ilienea dunia nzima.

Na sisi je? Tulikimbilia Tanzania, Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, Lugufu mwaka 1997. Kule kambini, kwaya na timu za mpira ziliendeshwa na vijana, na ziliendeshwa vizuri. Mwaka 2005 meli zikaanza kuturudisha kutoka Kigoma mpaka Baraka. Wale watoto wenye walizaliwa kambini leo ni wababa na wamama. Walirudi katika inchi wasiyoijua, mashamba ya babu zao yakiwa na watu wengine. Kama chama chao wenyewe hakiwasikii, atawasikia nani? Wenye bunduki wanajua kuwaita.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Vijana wapate nafasi mbili katika komite, msichana na mvulana, wenye kupiga kura kama sisi. Wapewe kasha lao dogo na daftari lao. Mzee mmoja akague, asiamuru. Na kazi wachague wenyewe: kusafisha chemchemi, kulimia wajane, ao nyingine wenye wataona.

Kwa wafadhili: majembe na toroli ni msaada mzuri. Lakini mukitutembelea, muulize pia daftari la vijana liko mikononi mwa nani.

Watakosea, ndiyo. Sisi pia tulikosea, na chama bado kiko.